Usikubali mama akatwe uvimbe tu, kinena hakijapimwa!

Dada, kabla mama hajaingia chumba cha upasuaji Alhamisi, rudi kwa huyo daktari. Umeandika ana saratani ya vulva (sehemu ya nje ya uke), uvimbe wa sentimita 3 kwenye shavu la uke, na umeambiwa "tunakata, kesho yake anarudi nyumbani". Kinenani, ambako saratani hii husambaa kwanza, hakuna aliyemgusa. Hivyo hivyo ndivyo alivyofanyiwa mama yangu mdogo.

Alikatwa kwenye kituo binafsi. Kidonda kikakauka vizuri, daktari akatutangazia, "Tumetoa yote, kapona huyu." Majibu ya kinyama yakaja yameandikwa wazi kwamba saratani imezama milimita 4 ndani ya nyama. Akasoma, akakunja karatasi, akaturudishia. Kuhusu tezi za kinenani, yaani mitoki, kimya. Baada ya miezi michache mama mdogo akaanza kulalamika paja zito, kisha mtoki ukatokeza upande wa kulia, mgumu kama kokwa la embe, hausogei. Pale pale wakampa antibayotiki, eti ana kidonda mguuni! Tulipofika kwa bingwa wa saratani za wanawake, alisoma ile karatasi akauliza, "Mitoki nani aliishughulikia?" Tukatazamana. Saratani hii ikirudi palepale ilipokatwa, mara nyingi inakatwa tena na mtu anaishi. Ikirudi kinenani, wanaopona ni wachache mno. Tulimzika. Hasira ninayo mpaka leo, maana daktari aliyepasua alikuwa na ile namba, milimita 4, mkononi.

Umeuliza kinachoamua kama mama atapona. Umri, ukubwa wa uvimbe, upana wa nyama safi iliyokatwa kuzunguka uvimbe, vyote vina nafasi yake, lakini kinachotangulia ni mitoki. Tezi zikiwa safi, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wanavuka miaka 5. Zikishaingiliwa, idadi inashuka hadi karibu nusu, na inazidi kushuka zikiwa nyingi au saratani ikiwa imepasua ganda la tezi. Wanaoweza kuachwa bila kuguswa kinena ni wale ambao uvimbe haujazidi sentimita 2 na haujazama zaidi ya milimita 1. Mama yako kwa sentimita 3 hayumo!

Wala usiridhike daktari akibonyeza kwa vidole akasema hakuna kitu, kwa sababu tezi yenye saratani inaweza isivimbe. Apigwe ultrasaundi ya kinena. Kisha uliza kama anafaa kutolewa ile tezi ya kwanza inayopokea maji kutoka kwenye uvimbe, ipimwe. Hiyo inawezekana uvimbe ukiwa mmoja, chini ya sentimita 4, na kinena hakina dalili. Pasipo huduma hiyo, tezi zitolewe. Uvimbe ukiwa karibu na katikati, pande zote mbili ziangaliwe. Wakikwambia hawafanyi, omba rufaa kwa bingwa wa saratani za wanawake, hata kama Alhamisi itapita.

Tuandikie hapa majibu ya kinyama yanasema imezama milimita ngapi, na uvimbe uko upande gani.