Usitupe Rasimu ya Kwanza: Tafakuri na Jalada la Kazi katika Somo la Kiswahili

Mtaala wa Umilisi ulipofika Gredi ya 7 nchini Kenya mnamo Januari 2023, jalada la kazi, yaani mkusanyiko wa kazi za mwanafunzi ambao walimu wengi tunauita potifolio, lilikuwa miongoni mwa njia za tathmini tulizotarajiwa kutumia katika somo la Kiswahili. Nililipokea kwa moyo mkunjufu, lakini nikalitumia visivyo. Mwaka mzima wanafunzi wangu walihifadhi insha zilizokwisha kusahihishwa, wakazinakili upya kwa mwandiko mzuri na kuyapamba majalada kwa rangi, huku rasimu zilizojaa makosa zikiishia katika pipa la taka. Muhula wa tatu ulipokaribia kwisha, nilimwomba mwanafunzi mmoja anionyeshe katika jalada lake jambo analoliandika vizuri zaidi kuliko alivyoliandika mwezi wa Januari. Alifunua karatasi moja baada ya nyingine, kisha akanyamaza. Hakuwa na cha kulinganisha, kwa kuwa ni mimi niliyemwagiza aweke kazi safi peke yake.

Tangu hapo sharti langu la kwanza ni kwamba rasimu ya kwanza haitupwi. Inaandikwa tarehe na kubanwa pamoja na nakala ya mwisho. Vilevile nimeacha kuijaza wino mwekundu: ninapigia mstari makosa ya aina moja tu, kisha ninamwachia mwanafunzi kazi ya kuyafuatilia. Kwa darasa la Kenya ningependekeza kuanza na virejeshi, yaani viambishi kama "ye" katika "aliyetufundisha", kwa sababu watoto wetu husikia kila siku "mwalimu mwenye alitufundisha" mahali pa "mwalimu aliyetufundisha", na huandika wanavyosikia. Mwanafunzi wangu mmoja alihesabu "mwenye" na "wenye" za namna hiyo mara 11 katika insha isiyozidi kurasa mbili. Chini yake akaandika: "Kama mtu ana kitu, mwenye ni sawa. Kama mtu alifanya kitu, natafuta ye." Nilikuwa nimefundisha kirejeshi kwa vipindi vitatu bila kukieleza kwa ufupi na usahihi kama huo. Katika insha iliyofuata, makosa yalipungua hadi 4, na mojawapo lilikuwa jipya kabisa: "kitabu niliyosoma". Alama peke yake ingelihesabu kosa hilo sawa na yale ya awali. Rasimu mbili zikiwekwa pamoja, inaonekana wazi kwamba mtoto ameshakishika kirejeshi na sasa kilichobaki ni upatanisho wa ngeli, na hapo nikajua katika kipindi kinachofuata nifundishe nini.

Tafakuri haiji yenyewe kwa kuwa tumeiomba. Ukimwuliza mwanafunzi amejifunza nini, atajibu kwamba amejifunza mengi na anamshukuru mwalimu. Swali linapaswa kumrudisha kwenye karatasi yake: nakili sentensi moja uliyoibadilisha, ilivyokuwa na ilivyo sasa, kisha eleza kwa nini uliibadilisha, ni neno gani ulilitafuta ukalikosa, na lilikujia kwanza kwa lugha gani? Ninatenga dakika 10 za mwisho wa kipindi kimoja kwa juma, na siisahihishi lugha ya tafakuri hata ikichanganyika na Sheng, lugha ya mitaani ya vijana, au lugha ya nyumbani. Wapo walimu wenzangu wasiokubaliana nami katika hili, lakini ninalishikilia, kwa maana mtoto anayeogopa kalamu ya mwalimu huandika anachodhani mwalimu anataka kukisoma.

Jambo jingine nililoliazima ni kutoka Potifolio ya Lugha ya Ulaya, iliyozinduliwa rasmi na Baraza la Ulaya mwaka 2001, yenye sehemu tatu: pasipoti ya lugha, wasifu wa lugha na dosia ya kazi zenyewe. Wasifu ndio ulionigusa. Sasa kila mwanafunzi huanza mwaka kwa kueleza lugha anazoishi nazo, nani humsemesha kwa lugha ipi, na Kiswahili hukitumia wapi nje ya shule. Hapo niligundua kwamba baadhi ya watoto niliowadhania wavivu huzungumza Kiswahili sanifu darasani mwangu tu, wala si mahali pengine popote.

Mwalimu naye atafakari kwa maandishi. Shajara yangu ina mistari mitatu kwa kila kipindi: nilichokusudia, kilichotokea, na nitakachobadilisha. Baada ya majuma mawili niliona kwamba wanafunzi wale wale watano au sita ndio waliokuwa wakijibu maswali, na kwamba katika kipindi cha dakika 40 nilikuwa nazungumza zaidi ya nusu ya muda. Nisingeamini kama ningeambiwa na mtu mwingine.

Kuhusu gharama, bahasha ya kaki inatosha, na mzazi asidaiwe pesa za kuchapisha chochote. Darasa likiwa na wanafunzi 50, soma majalada 10 kwa juma. Stadi ya kuzungumza isisahauliwe: mrekodi kila mmoja kwa simu akisoma kifungu kile kile mwanzoni na mwishoni mwa muhula, kwa idhini ya mzazi, kisha msikilize mkiwa pamoja.

Mwisho wa mwaka kila mwanafunzi huchagua kazi tano za kumpelekea mwalimu wa Gredi ya 8, pamoja na barua fupi ya kumweleza aanze kumsaidia wapi. Barua hizo huzisoma zote kabla sijazikabidhi, nikiwa na shajara yangu mkononi, kwa sababu humo ndimo ninamokuta mambo niliyodhani nimeyafundisha, kumbe hayakuwafikia.