Kabla ya Kukata Viwanja, Chimba Mashimo

Wengi wanaoniletea miradi ya nyumba huja wakidhani kazi kubwa imekwisha. Mpima keshapita, viwanja vimekatwa vikapangika vizuri, na wengine wameshapokea malipo ya awali kutoka kwa wanunuzi. Kilichobaki, wanasema, ni muhuri wa watu wa afya. Hapo ndipo mradi unapokwama, na mara nyingi unakwama kwa jambo ambalo lingejulikana mapema kwa gharama ya kuchimba mashimo machache.

Shughuli yangu ni kuandaa michoro ya majisafi na majitaka na kuifuatilia idara ya afya hadi ipitishwe. Jambo ambalo ningetamani kila mwenye mradi alijue kabla hajamwita mpima ni hili: pale ambapo hakuna bomba la majitaka la umma, udongo ndio unaoamua upate viwanja vingapi. Mpima anakuja kuchora kile ambacho udongo umeshakubali.

Fanya hesabu kidogo. Kanuni za nchi hutofautiana, lakini utakutana mara nyingi na sharti kwamba kisima kikae mita 30 kutoka mahali majitaka yanapofyonzwa ardhini. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 30 lina zaidi ya mita za mraba 2,800. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina 600. Maana yake, ukitaka kila kiwanja kiwe na kisima chake na karo lake (tangi la ardhini linalopokea majitaka ya nyumba kabla hayajaenda kufyonzwa), kisima kimoja kinakula eneo lako lote na la majirani wako. Hakuna mchoraji atakayekutoa hapo kwa ustadi wa kalamu. Ama unachimba kisima kimoja cha pamoja sehemu ya juu ya mteremko, ama unapunguza viwanja, ama unavuta bomba la maji kutoka mbali.

Na bado hujaweka eneo la akiba. Hili watu hulisahau kuliko kitu kingine chochote. Mitaro ya kufyonzea majitaka haiishi milele; utando wa bakteria na mabaki laini huziba vitundu vya udongo kidogo kidogo, na siku moja maji yanaanza kuibuka juu ya majani. Kwa hiyo idara nyingi hudai pawepo eneo jingine lenye ukubwa uleule, lililopimwa udongo wake, ambalo halitajengwa, halitasakafiwa wala kupitishwa gari. Mwenye mradi akiliona kwenye mchoro analiita ardhi iliyokaa bure. Mwambie alinganishe na kumpigia simu mnunuzi baada ya miaka kadhaa kumweleza kwamba nyumba yake haina pa kupeleka maji ya choo.

Tuje kwenye mashimo yenyewe. Usichimbe mahali ambapo ni rahisi kufika na gari, chimba pale mitaro itakapokaa hasa. Na mwalike afisa afya awepo siku hiyo. Afisa aliyeuona udongo kwa macho yake hasumbuki sana na makaratasi. Ambaye hakuuona atauliza maswali mpaka uchoke. Shimo likipita kimo cha kifua, lipanue juu kwa vidato kama vya ngazi kabla mtu hajashuka, kwa sababu kuta za udongo huporomoka bila kupiga hodi.

Nilijifunza mengi kwa kumtazama afisa mmoja mzee akiwa shimoni. Alikuwa akichukua bonge la udongo, analilowesha kwa maji ya chupa, analikanda, kisha analisukuma kati ya kidole gumba na cha shahada litoke kama utepe. Utepe ukikatika mapema, udongo ni wa kichanga au tifutifu. Ukitoka zaidi ya sentimita 5 bila kukatika, ni mfinyanzi mzito, na hapo alianza kutikisa kichwa. Halafu alikwangua ukuta wa shimo kwa kisu na kutafuta madoa. Udongo wenye hewa ya kutosha huwa na rangi moja, nyekundu au kahawia, kwa sababu ya chuma iliyoshika kutu. Maji yakituama kwa wiki nyingi hewa hukosekana, chuma huyeyuka na kuondoka, udongo unabaki wa kijivu. Maji yakishuka, sehemu zilizopata hewa zinashika kutu tena. Ukiona kijivu na rangi ya kutu vimechanganyika, umeona alama ya mahali maji ya ardhini yanapofikia wakati wa mvua, hata kama umechimba kiangazi na shimo ni kavu kabisa. Basi kuchagua kiangazi ili shimo lionekane zuri hakusaidii chochote.

Kina cha madoa hayo ndicho kinachoamua mengi. Kati ya sehemu ya chini ya mitaro na maji ya ardhini panatakiwa udongo mkavu, mara nyingi kuanzia sentimita 60 hadi mita 1.2 kutegemea kanuni na aina ya udongo, kwa kuwa ni udongo huo wenye hewa unaoua na kunasa vijidudu. Karo lenyewe halisafishi kiasi watu wanachodhani. Kazi yake ni kutuliza maji ili mabaki mazito yazame na mafuta yaelee. Maji yanayotoka bado yamejaa vijidudu.

Jaribio la kufyonza ni jepesi kulieleza na jepesi kuliharibu. Unachimba tundu dogo hadi kina cha mitaro, unakwaruza kuta zake (jembe au koleo hupaka mfinyanzi ukawa laini kama sahani, na maji hayapiti), unamwaga changarawe kidogo chini, kisha unajaza maji na kuyaacha udongo ushibe, ikibidi usiku kucha. Baada ya hapo ndipo unapojaza tena na kupima maji yanavyoshuka, hadi mwendo utulie. Mafundi wenye haraka huruka hatua ya kushibisha. Udongo mkavu hunywa kwa pupa, majibu yanapendeza, na mitaro inakuwa midogo kuliko inavyotakiwa. Jambo ambalo huwashangaza wateja: majibu ya haraka mno nayo hukataliwa. Maji yakishuka sentimita 2.5 chini ya dakika moja, yanapita kwenye mchanga bila kusafishwa na kwenda moja kwa moja kwenye kisima cha mtu. Yakichukua zaidi ya saa moja kushuka hizo sentimita 2.5, mitaro ya kawaida haitafaa.

Kuna wanaoona ukali huu kama usumbufu wa ofisi. Mimi siwalaumu sana maafisa. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 kuzunguka pampu ya kisima cha Broad Street jijini London. Baadaye walipochimba walikuta shimo la majitaka lenye matofali mabovu, chini ya mita moja kutoka kisimani. Mtu akisema hayo ni ya kale, namkumbusha Walkerton, mji mdogo wa Kanada, Mei 2000. Mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kifupi cha mji, klorini haikusimamiwa ipasavyo, watu 7 wakafa na zaidi ya 2,000 wakaugua. Kisima kile kilikuwa na kibali. Kilikuwa kimewekwa mahali pabaya tangu mwanzo, na kila kilichofuata kilitegemea dawa isikosekane hata siku moja.

Ukiwa na bahati ya kuwa karibu na bomba la majitaka la umma, habari za udongo zinapungua, lakini pima kina cha chemba (shimo la ukaguzi lenye mfuniko) utakayojiungia kabla ya kufurahi. Usikubali namba ya kwenye ramani ya zamani; fungua mfuniko, mlete mpima na vifaa vyake. Bomba la milimita 100 lenye mteremko wa 1 kwa 60 hushuka mita 1 nzima katika kila mita 60. Nyumba ya mwisho ikiwa mbali, bomba lako linaweza kufika kwenye chemba likiwa chini ya kina chake. Hapo unahitaji pampu, na pampu huleta maswali mapya: umeme ukikatika itakuwaje, kengele ya tahadhari italia kwa nani, na nani atailipia baada ya wewe kuuza viwanja vyote na kuondoka? Swali la mwisho lijibu kwa maandishi, hata kama hujaulizwa. Vivyo hivyo kwa bomba linalokatiza kiwanja cha mtu mwingine: haki ya kulipitisha na kulifukua iandikwe kwenye hati, isibaki ahadi ya mdomo kati ya marafiki.

Tafuta pia barua ya mamlaka ya maji ikisema wazi kwamba wana maji na nafasi ya kutosha kwa idadi yako ya nyumba. Barua isemayo "tunautambua mradi" haina kazi.

Upande wa majisafi, kinachorudisha michoro mara nyingi ni mabomba mawili kukaribiana. Kanuni nyingi hutaka bomba la maji ya kunywa likae takribani mita 3 pembeni ya la majitaka, na pale yanapokatizana la maji lipite juu kwa nusu mita hivi. Sababu ni kwamba presha ikishuka, bomba la maji lenye ufa linaweza kuvuta ndani kile kilicho nje. Chora kila mahali yanapokatizana, pamoja na kina cha yote mawili. Mchoro wa kutazama kutoka juu pekee hauonyeshi lipi liko juu ya lipi, na afisa makini hatakisia kwa niaba yako.

Utarudishiwa maoni. Karibu kila mradi hurudishiwa, usichukulie kama uadui. Jibu kwa barua inayofuata namba zilezile za maoni, sema ni ukurasa gani umebadilika, zungushia mstari palipobadilika, na ubadilishe tarehe ya mchoro. Hilo la tarehe linaonekana dogo, lakini nimeona fundi akijenga kwa toleo lililokataliwa kwa sababu karatasi mbili zilifanana. Hoja usiyokubaliana nayo, omba ukae na afisa mezani ukiwa na kanuni mkononi. Kubishana kwa simu hakujawahi kumfikisha mtu popote, na kumpitia mkubwa wake ni njia ya uhakika ya kufanya kila faili lako lijalo lisomwe neno kwa neno.

Kibali kikitoka, kisome hadi mwisho. Masharti yako chini, na huwa na muda wa kuisha. Usisogeze nyumba hata kidogo kwa sababu mwenye kiwanja amependa kivuli cha mti fulani. Mita chache tu zinaweza kuiweka juu ya eneo la akiba. Zungushia kamba sehemu za mitaro kabla lori la kwanza la mchanga halijaingia, maana gurudumu likishindilia mfinyanzi mbichi, jaribio ulilofanya linakuwa si kweli tena.

Na usifukie chochote kabla hakijakaguliwa. Mtaro uliofukiwa bila ukaguzi hufukuliwa, tena kwa gharama yako. Piga picha zenye kipimo cha futi ndani yake, chukua umbali wa kila chemba na kila valvu kutoka kona mbili za jengo, na uchore jinsi mabomba yalivyolazwa kweli, si jinsi yalivyopangwa. Mabomba mapya ya maji yatiwe klorini, yakae kwa muda uliotakiwa, yasafishwe, ndipo sampuli ipelekwe maabara. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni kutokuwepo kwa E. koli (bakteria wa kinyesi) katika mililita 100 za maji. Panga muda wa majibu hayo kwenye ratiba yako, kwa sababu sampuli ikishindwa unarudia kutia dawa na kupima upya, na funguo za nyumba haziwezi kutolewa kabla karatasi ya maabara haijaingia kwenye faili.