Wanunuzi wa ng'ombe ni wanne tu: je, tunapunjwa?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mfugaji wa Micheweni, Pemba. Nasikia Marekani kampuni nne ndizo zinazochinja ng'ombe wengi, na serikali yao imelichunguza jambo hilo zaidi ya mara moja. Huku kwetu wanaokuja kununua ng'ombe ni watu wanne na bei zao hazipishani. Serikali hupima vipi mambo haya? Na uchache wao unatosha kuwa ushahidi kwamba tunapunjwa?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Hautoshi. Uchache wa wanunuzi ni sababu ya kuanza kuchunguza. Ushahidi hutoka kwenye bei.

Wenzetu wa Marekani wameanza zamani. Mwaka 1917 Rais Woodrow Wilson aliiagiza Tume ya Biashara ya Marekani izichunguze kampuni tano za nyama: Swift, Armour, Morris, Wilson na Cudahy. Tume ilieleza kuwa zilikuwa zikipatana badala ya kushindana, na mwaka 1921 ikapitishwa sheria ya kuwadhibiti wachinjaji na minada ya mifugo. Hata hivyo soko lilirudi tena mikononi mwa wachache. Mwaka 1980 kampuni nne kubwa zilinunua asilimia 36 ya ng'ombe walionenepeshwa kwa ajili ya nyama. Sasa zinanunua kama asilimia 85. Ndizo Tyson, JBS, Cargill na National Beef.

Kipimo chao cha kwanza unaweza kukifanya mwenyewe. Chukua asilimia ya soko ya kila mnunuzi, uizidishe kwa yenyewe, kisha ujumlishe. Tuseme hao wanne wenu wanachukua 40, 30, 20 na 10. Utapata 1,600 na 900 na 400 na 100, jumla 3,000. Kwa mwongozo wa Marekani wa mwaka 2023, soko likipita 1,800 linahesabiwa kuwa limeshikwa na wachache. Kwa hiyo lenu limepita mbali.

Lakini soko lenu ni lipi? Hapa ndipo watafiti hugombana zaidi, na nadhani ndipo penye uzito kwako. Ng'ombe hasafirishwi mbali bila ya kupungua uzito na kula gharama, ndiyo maana hesabu ya nchi nzima inaweza kuficha mkoa wenye mnunuzi mmoja tu. Kama mfugaji wa Micheweni anaweza kumfikisha mnyama wake Wete au Chake Chake na akabakiwa na faida, basi wanunuzi wa huko nao wahesabiwe. Kama nauli ya gari inamaliza tofauti ya bei, wasihesabiwe. Unguja ni hivyo hivyo, ila kuna bahari na gharama ya chombo.

Kitu cha pili wanachokitazama ni ng'ombe wasiofika mnadani kabisa, waliokwisha kuuzwa kwa mkataba au kwa makubaliano ya mapema. Utafiti mkubwa ulioagizwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, uliotoka mwaka 2007, ulikuta asilimia 38 ya ng'ombe wa nyama na asilimia 89 ya nguruwe wakiuzwa hivyo. Watafiti waliona kuwa mikataba ikizidi, bei ya mnadani hushuka, lakini kidogo sana, na kwamba kuizuia kungewatia hasara wafugaji wenyewe. Nakutajia haya kwa sababu wengi wetu hudhani jibu linajulikana kabla ya kupima.

Sasa shida yenu hasa: ng'ombe huku anauzwa kwa macho. Mnunuzi anayetazama ng'ombe kila siku anajua kilo zake, wewe unayeuza mmoja au wawili kwa mwaka hujui. Bei ndogo inaweza kutokana na hilo bila ya wanunuzi kupatana hata neno moja. Lazima mambo haya mawili yatenganishwe, na dawa yake ni mkanda. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka bega hadi mfupa wa nyonga wa nyuma, kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, ugawe kwa 10,840. Kifua 140 na urefu 120 ni takriban kilo 217 za mnyama aliye hai, na nyama na mifupa itakuwa kama nusu yake. Ni makadirio, lakini yanakuvusha mbali kuliko jicho.

Kila mnyama anapouzwa, andikeni tarehe, uzito, umri, jinsia, mahali, bei, na wanunuzi waliojitokeza siku hiyo. Mauzo ya Mfunguo Tatu yawekwe mbali, maana bei za Idd haziwezi kulinganishwa na za miezi mingine. Marekani walilazimika kutunga sheria mwaka 1999 ya kuwataka wachinjaji wakubwa waripoti bei zao kwa serikali, kwa sababu bila ya bei hizo mchunguzi hana pa kushika.

Mkishakusanya mauzo ya msimu mzima, gawanyeni bei kwa kilo, mlinganishe siku aliyokuja mnunuzi mmoja na siku waliyokuja wanne. Bei ya kilo ikipanda wanapokuja wengi, wanashindana. Isipotikisika hata kidogo, na bei ya nyama buchani inapanda, chukueni daftari hilo mlipeleke kwa ofisa mifugo wa wilaya na kwa tume ya ushindani halali wa biashara. Msiwataje watu kwa tuhuma. Wapeni hesabu za daftari, na wao ndio wachunguze.