Jibu: Je, Haunter alikuwa Pokémon wa Ash kweli?

Umeuliza kama Ash, mhusika mkuu wa katuni ya Pokémon (viumbe wa kubuni wanaokamatwa na kupiganishwa), aliwahi kummiliki Haunter, Pokémon wa aina ya mzimu, na kwa nini kwenye gemu mzimu huyo hamwezi Sabrina, kiongozi wa ukumbi wa mapambano wa Saffron City. Hapana, hakummiliki. Haunter alimfuata kutoka mnara wa Lavender Town kwa hiari yake, bila kuingia kwenye Poké Ball (mpira wa kukamatia Pokémon) hata mara moja, ndiyo maana pambano lilipoanza Saffron City aliweza kutokomea tu. Aliporudi hakupigana: alimfanyia Sabrina vituko mpaka akacheka. Kwa kuwa akili ya Sabrina na ya Kadabra, Pokémon wake, zimeunganishwa, Kadabra naye akagaragara kwa kicheko, na Ash akapata Marsh Badge, beji ya kumshinda Sabrina. Ushindi wa mezani, ukiniuliza mimi. Haunter akabaki kwa Sabrina.

Kwenye gemu za kwanza (Japani, 1996) kuna hitilafu: Lick, shambulio la aina ya mzimu, halimdhuru kabisa Pokémon wa aina ya Psychic (nguvu za akili) kama Kadabra, wakati lilipaswa kumuumiza maradufu. Gold na Silver za 1999 zilirekebisha hilo. Pia Haunter ana aina ya sumu ndani yake, kwa hiyo mashambulio ya aina ya Psychic ya Kadabra yanamchoma vibaya. Usimchanganye na Gengar, mzimu mwingine, wa msimu wa katuni uitwao Pokémon Journeys. Huyo Ash alimkamata.