Jina alilolitaja Bibi

Mwanangu mpenzi,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza lipi ni sahihi, Yehova au Yahweh, maana kiongozi wenu wa maombi amesema anayeita "Mungu" tu hamjui anayemwomba.

La matamshi halina urefu. Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti, na jina lenyewe ni herufi nne: Yodi, He, Vavu, He. Limo katika Agano la Kale zaidi ya mara 6,800. Kwa heshima Wayahudi waliacha kulitamka. Wakilifikia husoma Adonai, yaani Bwana. Wamasoreti, waandishi wa Kiyahudi walionakili Maandiko, walipotia alama za irabu katika maandiko, karne nyingi baada ya Kristo, waliziwekea herufi zile irabu za Adonai ili msomaji akumbuke kusema Adonai. Waliokuja kuzisoma pamoja wakapata Yehova. Yahweh ni kazi ya wataalamu kulirudisha jina la awali, wakisaidiwa na maandishi ya Kigiriki kama ya askofu Theodoret wa karne ya 5, aliyeeleza kwamba Wasamaria walitamka Iabe. Naona Yahweh ndilo lililo karibu zaidi.

Lakini mimi huuliza kwanza: aliyelitaja jina alikuwa na shida gani? Fungua Mwanzo 16. Hajiri ni mjakazi, ana mimba, amekimbia mateso, yuko kwenye chemchemi jangwani. Huyo ndiye mtu wa kwanza katika Biblia kumpa Mungu jina: El Roi, Mungu anionaye. Sura sita mbele Abrahamu anatumia kitenzi hichohicho cha kuona, Yehova-yire, Bwana ataona. Twasema "Mungu mpaji", wala si kosa, maana aliyeuona uhitaji wake alimpa kondoo. Ila soma vizuri: hilo ni jina la mahali. Yehova-nisi, Bwana ni bendera yangu, ni madhabahu ya Musa baada ya vita na Amaleki. Yehova-shalom, Bwana ni amani, ni madhabahu ya Gideoni, aliyedhani atakufa kwa kumwona malaika. Majina yote matatu yalitamkwa baada ya Mungu kutenda. Watu hukosea wanapoyageuza funguo, hili la riziki, lile la ushindi, wakiyarudiarudia ili Mungu aanze kutenda. Tena nasema, tazama kwanza aliyelitaja alikuwa na shida gani.

Haya yote yananirudisha kwa Bibi yako. Unamkumbuka yule mgeni aliyemwambia mbele ya watu kwamba maombi yake ya miaka yote hayakufika, kwa kuwa hakulijua jina. Usiku ule Bibi hakuomba. Alikaa na Biblia imefungwa mapajani, na hakuna aliyekuwa na neno la kumwambia. Hadi leo inaniuma, kwa sababu jibu lilikuwa mdomoni mwake mwenyewe. Haleluya ni maneno mawili ya Kiebrania: hallelu, msifuni, na Yah, ufupisho wa jina lilelile. Kila asubuhi, kabla hajamsalimu mtu, Bibi alilitamka. Yah huyohuyo yumo katika Eliya na Yohana, na jina la Yesu lenyewe, Yeshua, lasema kwamba yeye ndiye aokoaye.

Labda namwonea kiongozi wenu. Kuyachunguza majina kuna faida, sikatai. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, BWANA kwa herufi kubwa ndipo penye zile herufi nne. Bwana kwa herufi ndogo ni Adonai, au adoni, yaani bwana wangu, kama katika zaburi hii. Zaburi 110:1, "Neno la BWANA kwa Bwana wangu", ina yote mawili, na usipoiona tofauti swali la Yesu katika Mathayo 22, Kristo awaje mwana wa Daudi ikiwa Daudi amwita Bwana, litakupita. Mwanzo 15:2 utakuta "Bwana MUNGU", kwa kuwa Adonai na jina lile yamefuatana. Hapo Wayahudi husoma Elohim, wasiseme Adonai mara mbili. Asiyefundishwa hili husoma kama mtu aliyefumba jicho moja.

Lakini Yesu alipofundisha kuomba alisema Baba yetu. Gethsemane aliita Aba, neno la Kiaramu. Msalabani, kwa Marko, alilia "Eloi, Eloi": Mungu wangu, Mungu wangu. Kama neno "Mungu" halitoshi, tutamwambia nini Mwana aliyelia hivyo?

Umeuliza pia kama ukihame kikundi. Nilishaandika jibu, nikalikata, nikaliandika tena, nikalikata. Wewe ni mtu mzima, na mimi bado nina uchungu wa Bibi. Sitaamua kwa niaba yako. Ila kabla hujaamua, keti na kiongozi wako msome Mwanzo 16, polepole, hadi mstari wa 11 unaosema BWANA amesikia kilio cha mateso ya Hajiri. Jina la El Roi linakuja mstari wa 13. Muulize Hajiri alikuwa akilijua jina gani alipokuwa akilia, kisha niandikie alivyokujibu.

Mama yako