Kabla hamjawapa wahusika maneno, wapeni mwili

Wadogo zangu mnaoanza animesheni, kazi zenu za kwanza nyingi zina shida moja: wahusika wanaongea mwanzo mwisho. Filamu yangu ya kwanza ilikuwa hivyohivyo, dakika nne zenye kurasa sita za mazungumzo. Mwalimu aliirudia mbele ya darasa akiwa amezima sauti. Tuliona midomo ikifunguka na kufumba, basi. Mikono ilining'inia, mabega hayakusema kitu. Niliumia sana siku ile, lakini ndiyo siku niliyoanza kujifunza.

Akanituma nikatafute Kontakt, filamu fupi ya mwaka 1978 iliyoongozwa na Vladimir Tarasov katika studio ya Soyuzmultfilm, Moscow, enzi za Umoja wa Kisovieti. Ina dakika kama 10 na hakuna mazungumzo hata kidogo. Mchoraji anatoka zake kwenda kuchora mashambani, anapiga mluzi. Chombo cha anga kinatua, anatoka kiumbe asiye na umbo maalumu, anayejigeuza kufuata vitu anavyokutana navyo. Mchoraji anatimua mbio. Kiumbe naye nyuma, hana ubaya wowote, anataka kufahamiana tu.

Kinachowaunganisha ni ule mluzi. Ni wimbo wa mtunzi wa muziki Nino Rota uliotumika kwenye filamu ya The Godfather mwaka 1972, na kiumbe ameudaka. Hapo ndipo nataka mtazame mara tatu, mara nne. Hakuna anayesema "usiogope", ila mnaona hofu ikimtoka mtu. Simamisheni picha mchoraji anapokimbia, mwangalieni mgongo kabla ya uso. Kisha mlinganishe na mgongo wake mwishoni, wanapoondoka pamoja.

Kumbukeni pia jasho lililomo humo. Filamu ina fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Hata ukishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, sekunde moja inakula michoro 12, na dakika 10 zinafika 7,200. Siku hizo mchoro ulinakiliwa kwenye karatasi angavu ya plastiki, ukapakwa rangi kwa nyuma, ukawekwa chini ya kamera na kupigwa picha fremu kwa fremu. Ukikosea, unachora upya. Ninyi mna tableti na kitufe cha kufuta, kwa hiyo msiogope kurudia.

Kuhusu programu, tumieni yoyote mliyonayo. Sioni haja ya kubishania hilo.

Zoezi langu ni gunia la unga lililojaa nusu. Halina uso wala mikono, lina pembe nne na uzito. Linapokaa, unga unashuka chini na kitako kinatanuka. Linaposhtuka, unga unapanda na kiuno kinabana. Uzito usibadilike hata umbo likibadilika, la sivyo litaonekana puto. Mimi nililichora wiki tatu kabla halijasimama vizuri, na usiku lilipoinamisha pembe moja kama anayesikiliza mlangoni, nilimwamsha kaka yangu aje kuona.

Kwa hiyo wiki ijayo nileteeni sekunde tano, michoro 60. Gunia linasikia mluzi kutoka nje. Mluzi wenyewe msiuweke. Nataka niujue kwa kuliangalia gunia.