Kabla ya kumpeleka mtoto kwa daktari wa meno kwa mara ya kwanza

Watoto wengi ninaowafahamu hapa Tabora huonana na daktari wa meno kwa mara ya kwanza wakiwa wamekwisha kukesha kwa maumivu, shavu limevimba na jino halina budi kung'olewa. Mtoto wa namna hiyo hujifunza kwa siku moja tu kwamba chumba cha meno ni mahali pa kuumizwa, na kumrudisha huko huwa kazi kubwa. Ndiyo maana wanangu niliwapeleka mapema, kabla jino lolote halijawauma. Wataalamu hushauri mtoto aonwe ndani ya miezi 6 tangu jino la kwanza lichomoze, au kabla hajatimiza mwaka. Hata hivyo aliyefikisha miaka 3, ambaye kwa kawaida meno yake yote 20 ya utoto yamekwisha kuota, bado anaweza kuanza vizuri ikiwa hana maumivu.

Maandalizi huanza na maneno ya watu wazima nyumbani. Mtoto anayeambiwa kila akikataa kula kwamba atapelekwa kwa daktari akachomwe sindano hawezi kufika hospitali akiwa na moyo mtulivu. Niliwaomba bibi yao na shangazi zao wasisimulie mbele ya watoto jinsi walivyong'olewa meno. Vilevile sikuwaahidi wanangu kwamba hawataumia, kwa kuwa ahadi hiyo humfanya mtoto aanze kuyawaza maumivu ambayo hakuwa nayo akilini, na akisikia uchungu hata kidogo, hatamwamini tena mzazi wake. Niliwaambia yatakayotokea na si zaidi: daktari atakuomba ufungue mdomo, atayatazama meno kwa kioo kidogo, atayahesabu, na mama atakuwepo.

Kilichotusaidia kuliko vyote ni mazoezi. Mtoto mdogo asiyeweza kutulia peke yake kwenye kiti huchunguzwa daktari na mzazi wakiwa wameketi wakitazamana, magoti yao yakigusana. Mzazi humpakata mtoto akiwa amemgeukia yeye, kisha humlaza chali taratibu mpaka kichwa kikae mapajani mwa daktari. Asiyewahi kulazwa hivyo hushtuka, maana huhisi anaanguka. Mimi na mdogo wangu tulilifanya zoezi hilo nyumbani jioni kadhaa, yeye akishika nafasi ya daktari, akinyanyua mdomo wa juu wa mtoto na kuhesabu meno kwa sauti huku akiyagusa kwa mswaki. Mkao huohuo unafaa kumsafishia mtoto meno asubuhi na usiku kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye madini ya floraidi: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, na kiasi cha punje ya njegere kuanzia miaka 3 hadi 6. Unaponyanyua mdomo, angalia ukingo wa ufizi, kwa sababu madoa meupe yasiyong'aa mahali hapo ni dalili ya mwanzo ya jino kuoza, na daktari anapaswa kuonyeshwa.

Hapa kwetu asali haikosekani, na wapo wanaompaka mtoto asali ufizini meno yanapoota. Asali huchangia kuozesha meno kama sukari, tena aliye chini ya mwaka mmoja hapaswi kupewa kabisa, kwa kuwa inaweza kuwa na vimelea vinavyozalisha sumu hatari tumboni mwake. Mweleze daktari bila kuficha kama mtoto hupewa asali, au hulala na chupa ya uji wenye sukari.

Lipo jambo zito zaidi, nalo ni imani ya meno ya plastiki. Bado kuna wanaodai kwamba vivimbe vyeupe katika ufizi wa mtoto mchanga ndivyo vinavyomletea homa na kuharisha, na kwamba lazima vichokolewe. Kinachochokolewa ni jino changa lenyewe. Mtoto anaweza kupoteza damu nyingi, kupata maambukizi mabaya na kuharibiwa hata jino la ukubwani lililo chini yake, huku ugonjwa unaomharisha ukiachwa bila tiba. Nawasihi wazazi wenzangu, mtoto mwenye homa na kuharisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Siku ya kwenda, chagua asubuhi, mtoto akiwa ameshiba na hana usingizi. Ukienda hospitali yenye foleni, kama ile ya rufaa ya mkoa hapa Kitete, usimketishe mbele ya mlango wanapotokea watu wazima wenye pamba za damu mdomoni. Akae nje kivulini na ndugu mpaka zamu yake ikaribie. Beba kadi yake ya kliniki, na utaje mapema kama ana selimundu, pumu, ugonjwa wa moyo au mzio wa dawa yoyote. Akilia, mshike mikono na uendelee kuzungumza naye kwa sauti ya chini. Kwa umri huo kilio ni cha kawaida. Baadaye usimtuze pipi wala soda.

Kabla hujaondoka, uliza tarehe ya kurudi, kisha umwombe daktari akuonyeshe mahali yatakapoota magego ya kwanza ya ukubwani mtoto akikaribia miaka 6. Hayo huota nyuma kabisa ya meno ya utoto bila jino lolote kung'oka, na wazazi wengi huyaacha yaoze wakidhani yatabadilishwa na mengine.